Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Nyonga, Kompyuta na Usahihi Unaouzwa

Kuna neno ambalo siku hizi limekuwa kama hirizi katika mazungumzo ya tiba: usahihi. Hospitali hulitundika katika mabango yao, wauza mitambo hulitamka mbele ya wakubwa, nasi wahadhiri na waandishi hulirudia bila kuuliza usahihi huo ni wa nini, na umelinganishwa na nini. Mapema mwaka huu nilisoma kijikaratasi cha hospitali moja, ambayo sina sababu ya kuitaja, kilichoeleza kwamba upasuaji wa kubadilisha nyonga ukiongozwa na kompyuta humwondolea mgonjwa hatari ya kiungo kuteguka. Hakikusema hupunguza. Kilisema huondoa.

Makala haya nimeyaandika kuipinga sentensi hiyo na siasa inayoizaa. Kompyuta yenyewe sina ugomvi nayo. Hoja yangu ni kwamba mtambo unaopima pembe kwa ustadi haujathibitisha, kwa ustadi huo pekee, kwamba mgonjwa atatembea vizuri. Na kwamba taifa linalokimbilia mtambo wa namna hiyo kabla ya kuwa na daftari la kuwafuatilia waliopasuliwa halitajua kamwe kama fedha zake zimefanya kazi.

Niseme mapema kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Nafundisha takwimu, na kisu pekee ninachokimudu ni cha kukatia mkate. Lakini swali la usahihi ni swali la kipimo kabla halijawa swali la mifupa, na katika uwanja wa vipimo sina haja ya kuomba radhi kwa kuingia.

Kikombe na pembe zake

Kiungo cha nyonga ni mpira unaozunguka ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe ni tundu lililo katika fupanyonga. Viwili hivi vikilika, kwa uzee, kwa ajali au kwa maradhi, kila hatua huwa ni mateso. Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, ndiye aliyeufanya upasuaji wa kubadilisha kiungo hiki kuwa tiba ya kutegemewa, alipoanza mwaka 1962 kuweka kikombe cha plastiki ngumu ya polietilini na kichwa kidogo cha chuma. Kabla ya hapo alitumia Teflon. Ililika upesi, na wagonjwa wengi ikabidi wapasuliwe tena. Alilijua kosa hilo kwa sababu aliwafuatilia wagonjwa wake mmoja mmoja baada ya kutoka hospitalini. Naomba msomaji aikumbuke habari hii, maana nitairudia.

Kikombe bandia hakina budi kuwekwa kwa pembe mbili zinazofaa: mwinamo wake kuelekea pembeni, na kiasi kinavyotazama mbele. Kikisimama mno, plastiki hulika upande mmoja. Kikitazama mbele kupita kiasi, au kisipotazama mbele vya kutosha, mpira huweza kuchomoka mgonjwa anapoinama au anapochuchumaa. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake nchini Marekani walipendekeza mipaka iliyokuja kuitwa eneo salama: mwinamo wa digrii 40, pungufu au zaidi kwa 10, na kutazama mbele kwa digrii 15, pungufu au zaidi kwa 10. Tangu wakati huo eneo hilo limekuwa kama goli. Kila mbinu mpya husifiwa kwa idadi ya vikombe inavyoingiza golini.

Hapo ndipo inapoingia kompyuta. Neno la Kiswahili la kazi hiyo ni urambazaji, neno la mabaharia. Kamera hutazama alama zilizofungwa kwenye mifupa ya mgonjwa na kwenye vifaa vya mpasuaji. Programu hukokotoa, na kioo huonesha pembe ya kikombe papo hapo. Mifumo ya kwanza iliyotumika kwa nyonga za binadamu, ukiwamo HipNav wa Pittsburgh uliojengwa kati ya miaka ya 1990 na Anthony DiGioia na wenzake, ilitegemea picha za CT zilizopigwa kabla ya upasuaji. Mingine iliyofuata haihitaji picha: mpasuaji hugusa kwa kalamu maalumu ncha mbili za mbele za fupanyonga na mfupa wa kinena, nayo kompyuta huchora uso bapa unaopita katika sehemu hizo na kuufanya kuwa msingi wa hesabu zote.

Usahihi wa nini?

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwapa mfano wa mizani ya sokoni. Mizani yaweza kutoa jibu lile lile mara 20 na bado ikawa imekosea kwa nusu kilo. Kurudia jibu ni jambo moja, kuwa kweli ni jambo lingine, na kupima kitu kinachostahili kupimwa ni jambo la tatu. Tuipitishe kompyuta ya nyonga katika vizingiti hivyo vitatu.

Kizingiti cha kwanza ni mtambo wenyewe. Kamera ikiona alama, hukadiria mahali zilipo kwa kosa dogo sana. Hapa wauzaji husema kweli.

Kizingiti cha pili ni mwili. Ule uso bapa hutegemea vidole vya mpasuaji vinavyotafuta mfupa juu ya ngozi na mafuta. Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme kutoka ncha za juu za fupanyonga hadi kinena ni sentimita 10, na mafuta juu ya kinena yamezidi yale ya juu kwa sentimita 1. Uso bapa wa kompyuta tayari umepinda kwa karibu digrii 6. Kwa kawaida kila digrii ya kupinda kwa fupanyonga hubadilisha kipimo cha kutazama mbele kwa takriban robo tatu ya digrii. Kwa hiyo kioo kitaonesha tarakimu safi iliyokosea kwa digrii 4 hivi, bila taa yoyote nyekundu kuwaka. Kosa hilo halikufanywa na kompyuta. Imelipokea na kulivika suti.

Isitoshe, fupanyonga halitulii. Mtu akilala chali lina mkao mmoja, akisimama lina mwingine, akiketi hulala kuelekea nyuma. Kwa mtu ambaye uti wa mgongo umekakamaa au umeunganishwa kwa vyuma, mwendo huo hupungua, na hatari ya kiungo kuteguka huongezeka. Kikombe kilichokuwa sahihi mezani chaweza kuwa na makosa juu ya kigoda.

Kizingiti cha tatu ndicho kizito zaidi: je, goli lenyewe lipo mahali pake? Lewinnek na wenzake walichunguza nyonga 300, na zilizoteguka zilikuwa 9. Tisa! Juu ya msingi huo tumejenga vipimo vya kizazi kizima. Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha uchunguzi wa nyonga 9,784. Zilizoteguka zilikuwa 206, na asilimia 58 ya hizo zilikuwa ndani ya eneo salama kwa pembe zote mbili. Kama mwalimu wa takwimu sina budi kutahadharisha kwamba hesabu hii haithibitishi kuwa pembe si kitu. Inathibitisha kwamba pembe peke yake haitoshi. Misuli iliyokatwa, urefu wa mguu, ukubwa wa kichwa cha chuma, uti wa mgongo, na maisha ya mgonjwa mwenyewe vyote vina kura.

Nahodha mwenye dira kamilifu, aliyepewa jina la bandari isiyo yake, atafika asikokwenda, tena kwa wakati.

Upande wa pili usikike

Nisingetenda haki kama ningenyamazia ushahidi unaoisaidia kompyuta. Mkono wa binadamu si wa kujivunia sana. Mwaka 2011 watafiti wa Boston walipima vikombe 1,823 vilivyowekwa na wapasuaji wa hospitali kubwa ya kufundishia. Vilivyokuwa ndani ya mipaka waliyoiweka kwa pembe zote mbili vilikuwa nusu tu. Hii ni hospitali yenye jina duniani. Majaribio mengi kadhalika yameonesha kwamba urambazaji hupunguza vikombe vinavyokwenda kombo kabisa. Na daftari la taifa la Australia, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, limeonesha kwamba nyonga zilizowekwa kwa msaada wa kompyuta zilirudishwa mezani kwa sababu ya kuteguka mara chache zaidi kuliko nyingine.

Naupokea ushahidi huu wote. Lakini tazama vizuri, msomaji, ule wa mwisho umetoka wapi. Haukutoka kwenye kioo cha mtambo, wala kwenye kijikaratasi cha muuzaji. Umetoka kwenye daftari: orodha ya nchi nzima, inayoandika nani kapasuliwa, kwa kiungo gani, kwa mbinu gani, na nani amerudi. Australia inaweza kusema kompyuta inasaidia kwa sababu Australia inahesabu. Hata hivyo, uchambuzi wa daftari si jaribio la nasibu. Huenda wapasuaji wanaotumia kompyuta wanatofautiana na wenzao kwa mambo mengine. Pamoja na upungufu huo, ni ushahidi wa kitu ambacho mgonjwa anakijali.

Somo la Ujerumani

Anayedhani natia chumvi na asome habari za ROBODOC. Hii ilikuwa roboti, ndugu wa karibu wa urambazaji, iliyobuniwa California na kutumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1992. Kazi yake ilikuwa kuchonga mfereji katika mfupa wa paja ili shina la chuma likae barabara. Na kweli ilichonga barabara. Ujerumani iliipokea kwa shangwe katika miaka ya 1990, na hospitali zikagombania wagonjwa kwa jina lake.

Mwaka 2003 yakachapishwa matokeo ya jaribio la nasibu lililofanywa huko huko Ujerumani. Katika majaribio 74 ya kutumia roboti, 13 yalikatishwa kwa sababu mfumo ulishindwa, na kazi ikamaliziwa kwa mkono. Roboti ilifanya vyema katika kulinganisha urefu wa miguu na kunyoosha shina. Lakini nyonga zilizoteguka zilikuwa 11 kati ya wagonjwa 61 wa roboti, na 3 kati ya 80 waliopasuliwa kwa mkono. Ili kuufikia mfupa, mtambo ulihitaji nafasi, na nafasi ilipatikana kwa kuumiza misuli inayoishika nyonga. Mfupa ulichongwa kwa usahihi, mgonjwa akachechemea.

Kesi zikafuata. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilitamka kwamba daktari anayetumia mbinu mpya anapaswa kumweleza mgonjwa waziwazi kuwa huenda ziko hatari ambazo bado hazijulikani. Mgonjwa katika kesi ile hakupata fidia, kwa kuwa dhara lililompata lilikuwa miongoni mwa yale aliyokwisha kuonywa. Kanuni ikabaki. Ningependa ibandikwe katika kila chumba cha madaktari hapa kwetu, juu kidogo ya bango la usahihi.

Daftari kabla ya mtambo

Wasweden walianzisha daftari lao la nyonga mwaka 1979. Waingereza walianza la kwao mwaka 2003, baada ya kuaibishwa na kiungo kimoja kilichokuwa kikiharibika mapema huku nchi ikihangaika kuwatafuta wagonjwa waliowekewa. Faida yake ilionekana katika sakata la kiungo cha ASR cha kampuni ya DePuy, kilichokuwa cha chuma juu ya chuma. Daftari la Australia ndilo lililoonesha mapema kwamba wagonjwa wa kiungo hicho walikuwa wakirudi mezani kuliko ilivyotarajiwa. Kiliondolewa katika soko la Australia mwaka 2009, na duniani kote mwezi Agosti 2010, kikiwa kimekwisha kuwekwa kwa watu zaidi ya 90,000. Hakuna kompyuta ya chumba cha upasuaji ambayo ingeweza kuligundua jambo hilo. Kikombe kingewekwa kwa pembe ya dhahabu, na bado chembe za chuma zingekula nyama.

Atakayesema kwamba madaftari ni anasa ya Wazungu nitamwelekeza ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Malawi, ambayo si tajiri kutuzidi, ilianza daftari lake la taifa la viungo bandia mwaka 2005, wakati upasuaji huo ukiwa bado mchache. Walianza kuhesabu wagonjwa wakiwa wachache, na hiyo ndiyo hekima, kwa sababu ni rahisi kumfuatilia mgonjwa wa kwanza kuliko kumtafuta wa elfu.

Na sisi je?

Hapa Tanzania tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Tunayo KCMC kule Moshi. Na tunao mabingwa waliosoma kwa jasho, wanaofanya kazi hii kwa heshima kubwa. Lawama zangu haziwahusu. Zinawahusu wanaoamua fedha ziende wapi, na sisi raia tunaowapigia makofi.

Wagonjwa wetu si nakala ya wagonjwa wa Boston. Tunalo tatizo kubwa la selimundu, ugonjwa unaoweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, mtu akiwa bado kijana. Tunao majeruhi wa bodaboda wenye mivunjiko ya nyonga iliyokaa miezi bila tiba. Mfupa wa watu hawa mara nyingi umebadilika umbo, na kiungo bandia cha mtu wa miaka 30 kina miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake kuliko cha mtu wa miaka 75. Tena mgonjwa wetu huchuchumaa chooni, huinama shambani, huketi mkekani, husujudu. Eneo salama la mwaka 1978 halikupimwa kwa maisha hayo. Hivyo swali la pembe ipi inamfaa Mtanzania ni swali la kisayansi lililo wazi, nasi ndio tunaopaswa kulijibu. Hatutalijibu kwa kununua mtambo uliokwisha kupewa goli na watu wengine.

Kwa nini basi mtambo huvutia na daftari halivutii? Kwa sababu mtambo unakatiwa utepe. Unapigwa picha. Unaingia katika taarifa ya habari ya saa mbili. Daftari ni karani, kompyuta ya mezani ya bei ya kawaida, namba ya simu ya mgonjwa, na mtu wa kumpigia baada ya mwaka mmoja, mitano na kumi. Hakuna mgeni rasmi wa simu ya mwaka wa kumi. Aidha, daftari lina tabia isiyopendwa na wakubwa: linaweza kusema tulikosea. Mtambo hausemi hivyo kamwe. Wahenga waliliona hili waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Najua nitaulizwa: "Mhadhiri, unataka tubaki nyuma?" Sivyo. Ipo siku, na huenda i karibu, ambapo mpasuaji kijana wa hospitali ya mkoa atasaidiwa sana na kioo kinachomwambia kikombe chake kimekwenda kombo. Ninaposema daftari kwanza, namaanisha kwamba siku hiyo ikifika tuweze kumthibitishia mlipa kodi kuwa walioteguka wamepungua kutoka idadi hii hadi idadi hii. Asiyejua alipoanzia hawezi kujisifu kwamba amesogea. Na fedha hizi ni za watu. Ni za mkulima anayechangia bima, za mama anayelipa kodi katika kila kilo ya sukari. Kila shilingi iliyofungiwa katika mtambo ambao haujathibitishwa kwa wagonjwa wetu ni shilingi iliyokosa kumlipa muuguzi, kununua dawa ya kuzuia maambukizi, au kuongeza kitanda kwa mgonjwa aliyekaa kwenye foleni tangu mwaka jana.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai hadharani. Kwanza, Wizara ya Afya isimamie daftari la taifa la viungo bandia lenye nguvu ya sheria, litakaloihusu kila hospitali, ya umma na ya binafsi, na taarifa yake ichapishwe kila mwaka kwa Kiswahili. Pili, hospitali yoyote inayotangaza usahihi ilazimishwe kutangaza pamoja nao hesabu ya wagonjwa wake walioteguka, walioambukizwa na waliorudishwa mezani. Tatu, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa faida iliyothibitishwa, faida inayotarajiwa tu, na bei ya kila moja.

Na wewe msomaji, ukiwa na mzazi anayesubiri upasuaji huu, usiulize mtambo wao ni wa mwaka gani. Muulize daktari kwa adabu: "Mwaka jana ulibadilisha nyonga ngapi, na ngapi kati ya hizo zimerudi?" Daktari bora atakujibu kwa namba. Anayekujibu kwa jina la mtambo, mshukuru, kisha utafute ushauri wa pili.